Naombeni ushauri: kituo cha ardhini cha setilaiti ndogo, antena ipo juu ya paa ila hatusikii kitu

Wakuu habari za muda huu. Tupo wanafunzi watano wa uhandisi hapa Dar, tunaunda setilaiti ya kujifunzia, kale kaboksi ka sentimita 10 kila upande, mimi nimepewa kituo cha ardhini. Tumefunga yagi (antena za vijiti) mbili juu ya ghorofa ya 4, moja ya 145 MHz nyingine ya 437, rotata ya kuzigeuza inazunguka fresh, waya tumeuvuta kama mita 30 mpaka chumba cha kompyuta, huko kuna SDR (redio inayoendeshwa na kompyuta) na Gpredict, programu ya kufuatilia setilaiti. Sasa setilaiti ikipita 145 unaona kwenye skrini kamstari kamefifia tu, 437 ndo hamna kabisa. Jana nimekaa juu ya zege tangu saa 11 alfajiri nikisubiri zile dakika 10 za kupita, nikatoka kapa. Inaniuma kwa kweli, maana chetu kikirushwa leo hatukisikii. Tunakosea wapi?

Fundi Masafa: Waya gani huo mkuu?

Mleta uzi: RG-58, ule mwembamba, ndo tulioupata Kariakoo.

Fundi Masafa: Basi mchawi ni huyo. Kwenye 437 RG-58 inakula karibu 0.4 dB (kipimo cha upotevu wa mawimbi) kila mita, kwa mita 30 inakufikia chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichodakwa na antena. Dishi la tivi mbona LNB, kile kikuza mawimbi, inakaa kule juu mdomoni, haikai nyuma ya king'amuzi? Mawimbi yanakuzwa kabla waya haujayala. Na nyie LNA (kikuza mawimbi chenu) ipandisheni kwenye mlingoti, umeme wake unapita waya huo huo, ukiiweka mezani inakuza kelele tu. Halafu tafuteni waya mnene wa LMR-400, maungio yote myazungushie tepu ya mpira, Dar hapa chumvi ya bahari inakula konekta hujakaa sawa. Na siku mkianza kutuma lazima iwepo relei (swichi ya umeme) ya kuiruka hiyo LNA, wati 50 zikipita humo inaungua palepale.

Wa Nairobi: Huku kwetu chuo kikuu kilikuwa na setilaiti ya 1KUNS-PF, ilitolewa kwenye kituo cha anga cha ISS Mei 2018, boksi saizi hiyo hiyo yenu, kwa hivyo msife moyo. Cheki saa ya kompyuta, hicho kitu kinakimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, ukichelewa dakika moja antena inaangalia mahali kilishatoka kitambo. TLE (namba za njia ya setilaiti) pia mpakue upya mara kwa mara. Na kwa mwendo huo masafa ya 437 yanahama, kikija yako juu kama kHz 10, kikienda yanashuka hivyo hivyo, programu isipofuata hamtafungua data. Jaribuni kwanza na pakiti (vifurushi vya data) za ISS, 145.825 MHz.

Fundi Masafa: Leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na uratibu wa masafa IARU (umoja wa redio za ridhaa) anzeni sasa hivi, msingoje chombo kiishe.

Mleta uzi: Wakuu mrejesho. LNA tumeipandisha juu ndani ya kopo la plastiki, saa ya laptopu kumbe ilikuwa nyuma sekunde 40. Leo saa 1 jioni ISS imepita upande wa baharini, pakiti tatu zimefunguka kwenye skrini, herufi zinasomeka, tumepiga kelele mpaka mlinzi akapanda. 437 bado, nasubiri waya mnene.