Tupeane uzoefu: kupata mpangilio wa elementi bila kuivuruga safu

Wadau, salaam. Tuelezane tunavyotumia argsort na jamaa zake, yaani amri ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) inayotoa indeksi, namba za nafasi za elementi kuanzia ndogo hadi kubwa, bila kuigusa safu yenyewe. Naanza mimi. Data zangu ni vipimo vya vihisi: safu moja ina muda, nyingine joto, ya tatu namba ya kihisi. Ukipanga joto peke yake, hujui tena lipi lilipimwa saa ngapi. Kwa hiyo naomba indeksi tu, halafu indeksi hizo hizo nazipitisha kwenye safu zote tatu. Kwenye lugha ya MATLAB ni jibu la pili la sort, kwenye lugha ya R ni order. Hizo mbili huhesabu kuanzia 1, NumPy huanzia 0.

Mchangiaji 2: Uzi mzuri, mkuu. Ninaowafundisha hukwama kwenye tofauti ya mpangilio (nani aanze, nani afuate) na daraja (kila thamani ni ya ngapi kwa ukubwa, kuanzia 0). Chukua 30, 10, 20. argsort inatoa 1, 2, 0, yaani anza na aliye nafasi ya 1, kisha ya 2, umalizie na ya 0. Madaraja yenyewe ni 2, 0, 1, kwa sababu 30 ndiyo kubwa kuliko zote. Wengi huita argsort mara mbili. Jibu ni sahihi, ila kupanga kwa pili ni kazi ya bure. Andaa safu tupu, daraja, yenye urefu uleule n, kisha daraja[idx] = arange(n), ambapo idx ni jibu la argsort na arange(n) ni namba 0 hadi n-1. Basi. Thamani zinazolingana zikitakiwa kugawana daraja, tumia rankdata ya SciPy, maktaba nyingine ya Python.

Mchangiaji 3: Sisi tunaoshughulika na picha tuwe makini na kupanga kwa kushuka, kutoka kubwa kwenda ndogo. Nilirithi programu iliyokuwa inaita argsort(-x) kwenye uint8, yaani namba kamili za 0 hadi 255. Aina hiyo haina hasi: 5 inageuka 251, 200 inageuka 56, 0 inabaki 0. Pikseli nyeusi tii zikawa zinaongoza orodha! Badilisha aina kwanza, au panga x kwa kawaida kisha geuza matokeo nyuma-mbele kwa [::-1].

Mchangiaji 4: @Mchangiaji 3, [::-1] nayo ina yake. Inapindua hata zinazolingana, na NaN (alama ya thamani isiyo namba) ambazo NumPy huziweka mwisho zinahamia mwanzo. Ninapohitaji zinazolingana zibaki kwa zamu yake, natumia kind='stable' juu ya thamani hasi, baada ya kubadili aina.

Mchangiaji 5: Mimi nahitaji kumi kubwa tu kutoka safu ndefu sana. argpartition inanitosha: inazitenga, halafu nazipanga hizo kumi peke yake.