Mtoto wa miezi 26 anaongea peke yake kitandani kabla ya kulala, tumwache?

MamaKatubuka
Habari za jioni wadau. Tuko Kigoma mjini. Mtoto ni wa kiume, miezi 26. Akishalazwa saa 1:30 usiku anaanza: anataja majina ya watu wa nyumbani, anaimba, anarudia vitu vya mchana, kisha yanafuata yasiyoeleweka, "kuku, kaku, taku, kuku". Halii wala hamwiti mtu. Inaenda nusu saa, siku nyingine dakika 50, ndipo kimya. Mchana ni mzima, anakula na kucheza vizuri. Bibi yake anasema mtoto haongei gizani bure, asomewe. Baba yake anataka anyamazishwe ili alale mapema. Halafu nyumbani tunachanganya Kiha na Kiswahili, au ndiyo inayomvuruga? Wenye utaalamu naomba mnisaidie.

NesiUjiji
Mama, hiyo ni kawaida kabisa kwa umri huo. Wengi huanza karibu mwaka mmoja na nusu, na inapungua wakikaribia miaka mitatu, pale maneno yanapoanza kubaki kichwani bila kutoka mdomoni. Kutojibiwa hakumsumbui, kwa sababu hasemi na mtu.

Kumsomea dua hakuna ubaya, bibi asikataliwe. Asome kabla mtoto hajalazwa, iwe sehemu ya utaratibu wa kulala, si kuingia na taa katikati ya maongezi. Baba naye aambiwe kwamba kila "nyamaza!" ni jibu, na mtoto wa miaka miwili akipata jibu anaendelea. Mkiingia mara tatu, dakika 30 zinakuwa saa nzima.

Kinachonipa swali ni hizo dakika 50. Mtoto aliyelazwa kwa wakati wake huchukua dakika 15 hadi 30. Zaidi ya hapo kila siku, mara nyingi amelazwa kabla usingizi haujafika. Mchana analala saa ngapi hadi saa ngapi? Jioni anakunywa nini?

Na kuna jambo la kwetu huku ambalo watu hawalihesabu. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini Kigoma tuko magharibi kabisa, jua linazama karibu saa 1 usiku, kama dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam. Ratiba ya kulala iliyoandikwa na mtu wa Dar ukiifuata hapa, unamlaza mtoto mbingu bado nyeupe. Dirisha lisilo na pazia zito, anaona kabisa kwamba mchana haujaisha.

MwlAwali_Tabora
Kuhusu lugha: Kiha na Kiswahili kwa pamoja havimvurugi. Unapohesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote mbili. Miaka miwili tunatarajia maneno 50 au zaidi, na aunganishe mawili mwenyewe: "baba kaja", "maji taka". Akisema "amazi" kwa bibi na "maji" kwako, huyo anajua nani anaongea nini.

Hayo maongezi ya gizani yana kazi. Mtafiti Ruth Weir alimrekodi mwanawe Anthony akiwa kitandani, umri wa miaka miwili na nusu hivi, akachapisha mwaka 1962: mtoto alikuwa anachukua sentensi moja na kubadilisha neno moja moja, kama anajipa zoezi. Baadaye Katherine Nelson na wenzake, mwaka 1989, wakaeleza ya mtoto aliyeitwa Emily, aliyerekodiwa tangu miezi 21 hadi 36. Akiwa peke yake alisema mambo marefu na magumu kuliko aliyoyasema na wazazi wake.

Kwa Kiswahili sikilizeni viambishi. Mwanzoni anaviacha, "meanguka" badala ya "imeanguka". Halafu kuna kipindi anajaribu: "kiatu wangu... kiatu yangu... kiatu changu". Akifika hapo bila kusahihishwa na mtu, amejisahihisha. Na hiyo "kuku, kaku, taku" ni kubadilisha silabi moja na kuacha nyingine. Si maneno yaliyoharibika.

Ukitaka kujua anaendeleaje, weka simu nje ya chandarua, kioo kikiwa chini, rekodi dakika 10 mara moja kwa mwezi. Anza kabla hujamlaza, ukiingia na simu mkononi umeshaharibu. Mtu asiye wa nyumbani akielewa kama nusu ya anayosema mchana, kwa miaka miwili inatosha. Gizani usitegemee hata nusu.

MamaKatubuka
Asanteni sana. Mchana analala saa 9 hadi saa 11 jioni. Saa 12 anakunywa chai ya rangi na mkate pamoja na wakubwa. Nisilolisema mwanzo: mwezi uliopita alipata mafua, sikio la kushoto likatoa maji, likakauka lenyewe. Na anakoroma kidogo.

NesiUjiji
Basi dakika 50 zimepata maelezo. Ameamka saa 11, unamlaza saa 1:30, ni saa mbili na nusu tu. Umri huo anahitaji kama saa nne au tano za kuwa macho kabla ya usingizi wa usiku. Usifute usingizi wa mchana, usogeze: mlaze dakika 15 mapema kila baada ya siku mbili tatu mpaka alale saa 7 au 7:30, na saa 9 alasiri awe macho. Usiku mlaze saa 2. Akiamka saa 1 asubuhi, jumlisha na saa moja na nusu ya mchana, unakuwa usingizi wa saa 12 na nusu kwa siku. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema saa 11 hadi 14 kwa watoto wa mwaka mmoja hadi miwili.

Chai ya rangi ina kafeini ileile ya kukuamsha wewe asubuhi. Jioni mpe uji au maziwa, kama saa moja kabla ya kulala ili asiamke kwa mkojo. Zaidi ya hayo chai inazuia madini ya chuma ya kwenye chakula, na huku kwetu kwenye malaria damu ya mtoto haina ziada ya kuchezea.

Sikio ndilo nisingelingoja. Kukauka nje si kupona ndani. Maji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio wiki kadhaa, mtoto akasikia kama mtu aliyezibwa pamba. Anasikia vishindo, sauti laini kama s na f zinampita. Mpime hivi: akiwa anacheza, mtu mmoja akae mbele yake amshughulishe na kitu kisicho na mlio. Wewe simama nyuma, hatua mbili, upande mmoja, mahali kivuli chako hakionekani. Tamka jina lake kwa sauti ya chini, si kunong'ona. Ngoja. Rudia upande wa pili. Asipogeuka upande mmoja mara tatu, au hata akigeuka ila mmeanza kuona anaongeza sauti ya redio, mpelekeni aangaliwe ndani ya sikio.

Likitoa tena: sokota kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, weka sikioni, kikilowa toa, weka kingine mpaka kitoke kikavu, mara tatu kwa siku, na siku hiyohiyo kliniki. Usidondoshe mafuta ya nazi wala maji ya kitunguu. Kinachotoka kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu, matibabu yake ni mengine.

Kukoroma kwa mafua kunapita. Ukisikia pumzi inakatika kisha anashtuka kama anakabwa, au analala mdomo wazi kila siku, huenda ni nyama za nyuma ya pua zimevimba. Hilo ni la daktari.

Tabibu_Kasulu
Niongeze moja, maana watu huchanganya. Kubwabwaja kabla ya usingizi, mtoto ukimgusa anakujua. Kuweweseka na homa ni kitu kingine: mwili wa moto, maneno hayaeleweki, hakutambui. Huyo apimwe malaria usiku huohuo, asisubiri asubuhi. Akikakamaa na kutupatupa viungo, mlaze ubavu, usitie kijiko mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Cha tatu ni vitisho vya usingizini. Saa moja hadi tatu baada ya kulala anakaa ghafla, macho wazi, analia kwa nguvu, hana homa. Usimwamshe, mlinde asianguke, inapita kwa dakika chache na asubuhi hakumbuki. Hivi huzidi akikosa usingizi wa kutosha.

Isevya_TBR
Kama analala na kaka na dada zake kitanda kimoja, alazwe yeye kwanza, wengine waingie baada ya nusu saa. Mkubwa akijibu mara moja tu, wanaongea mpaka saa 4.

Na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Wanaoongea gizani wanachezesha na miguu. Mguu ukigusa wavu, mbu wanauma kupitia matundu.