Procrastinate, na kesho ya Kilatini

*Kikundi: Majirani Nkuhungu, Dodoma*

Neema: Shikamooni. Jamani "procrastinate" ndiyo kuahirisha?

Baba Asha: Marahaba. Ndiyo, kuahirisha.

Shangazi Mwl.: Marahaba mwanangu. Baba Asha, hapo ndipo watoto wanapokosea. Neema, livunje vipande. *Pro* ni mbele. *Crastinus* ni "-a kesho", limetokana na *cras*, yaani kesho kwa Kilatini. Unaisukuma kazi mbele, iwe ya kesho. Waingereza walilichukua karne ya 16.

Neema: Sasa postpone je?

Shangazi Mwl.: *Post* baada, *ponere* kuweka. Kuweka baadaye, basi, halina lawama. Mvua imenyesha, kikao kimehamia Jumamosi: postpone. Procrastinate lina uzembe ndani yake: kazi unaijua, muda unao, unapiga danadana tu.

Anko Juma: Na Spika akiahirisha Bunge hapo mjini?

Shangazi Mwl.: Adjourn. Kifaransa cha kale, "hadi siku" iliyotajwa. Ndiyo maana utasikia linaahirishwa hadi tarehe fulani. Hiyo d usiitamke peke yake. Sisi kuahirisha kunabeba zote tatu, ndiyo maana mtu akivuka kwenda Kiingereza anashika lolote lililo karibu.

Baba Asha: Yaishe 😂

Neema: Linatamkwaje Shangazi?

Shangazi Mwl.: pro-KRAS-ti-neit. Mkazo kwenye KRAS. Ulimi wetu umezoea silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi wanakandamiza TI. Na usipenyeze i ukasema "kirasi", kr ni pumzi moja.

Shangazi Mwl.: Halafu kwa kawaida halichukui shamirisho, yaani kitu kinachotendwa. "We procrastinated the meeting" utakatwa maksi. "We postponed the meeting" sawa. Mtu ana-procrastinate, nukta. Kama lazima utaje kazi yenyewe, tanguliza *on*.

Anko Juma: Na ukisukuma hadi keshokutwa? 😀

Shangazi Mwl.: Lipo! Perendinate, kutoka *perendie*, keshokutwa ya Kilatini. Ila ni adimu mno. Neema usilipeleke kwenye insha, msahihishaji atadhani umelitunga.

Babu: Mbukwenyi. Na mtondo, baada ya keshokutwa? Na mtondogoo, baada ya mtondo?

Shangazi Mwl.: Mbukwa Babu, shikamoo. Hapo hawatuwezi 😄