Mjadala: Angel aliponywa na Mungu, au na uvumilivu wa mumewe?

Mleta mada:
Wapendwa, Bwana asifiwe, na wasio wa kwetu habari za jioni. Kwenye ushirika wetu kuna riwaya inazunguka mkoba kwa mkoba mpaka jalada limebanduka: Redeeming Love ya Francine Rivers. Ilitoka 1991, ikatolewa upya 1997 na mchapishaji wa Kikristo. Kwa ambaye hajaisoma: ni California ya miaka ya 1850, watu wamekimbilia dhahabu. Binti aliyeuzwa tangu utotoni yuko danguroni, wanamwita Angel. Mkulima mcha Mungu, Michael Hosea, anamwona akipita na kusikia moyoni kwamba huyo ndiye mkewe. Kifupi ni nabii Hosea wa kwenye Biblia na Gomeri, mkewe kahaba, wamehamishiwa machimboni.

Nililia kama wenzangu, sikatai. Ila ndoa yenyewe inafungwaje? Angel amepigwa na mlinzi wa danguro nusura afe, yuko kitandani hajiwezi, na hapo ndipo Michael anamuuliza kama ataolewa naye. Anaitikia kama mtu asiyejali tena kitakachomfika. Akija kupata nguvu, yuko shambani kwa mwanamume na ni mke wa mtu. Binti yangu akiniletea ndoa ya namna hiyo nitaitisha kikao cha ukoo.

Halafu majina. Michael anambatiza mara Mara, mara Amanda, mara Tirzah, kadiri anavyomwona yeye. Hoja yangu ni hiyo: riwaya hizi zinafanya jeraha la mwanamke liwe shamba la mume kulima. Hata kwenye Biblia, Hosea ana sura 14 na Gomeri hasemi neno hata moja. Karibuni tujadili, matusi pembeni.

Bibi wa Shamba:
Mwanangu, wewe kitabu hukukimaliza, au ulikimaliza ukiwa na usingizi. Angel anatoroka zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho anakaa San Francisco miaka mitatu, na safari hii Michael hamfuati. Huko mbali na mume ndiko anakompokea Kristo, na huko ndiko anakoanzisha nyumba ya kuwafunza kazi wasichana waliotoka danguroni kama yeye. Sasa niambie, nani alikuwa anamlima huko?

Na hayo majina umeyataja nusu. Jina lake la kweli, Sarah, amelificha kitabu kizima. Mume anampa majina matatu, yeye kanyamaza nalo. Analitoa siku aliyorudi kwa miguu yake mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Mimi mahali pale nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Mleta mada:
Shikamoo bibi. Hiyo miaka mitatu nakubali niliipita haraka, na la jina nimekupa. Lakini imechukua kurasa chache sana ukilinganisha na kurasa za Michael kumsubiri, kumfuata, kumrudisha. Mwandishi amemwaga wino upande gani?

Mama Ushirika:
Mnabishana kuhusu Angel, mimi nawaambia kinachotokea kwa wasomaji. Wanawake wengi hawajioni kwenye nafasi ya Angel. Wanajiona ni Michael! Nimekaa na dada mmoja jikoni kwake, jicho limevilia damu, kitabu kiko juu ya friji, ananiambia, "Mama, na mimi nitampenda hivyo hivyo mpaka abadilike." Huyo wa kubadilika ndiye aliyempiga. Angel hakumpiga Michael. Alikuwa anakimbia tu. Kumsubiri anayekimbia na kumsubiri anayekupiga ni vitu viwili, na mimbarini sijawahi kusikia mtu akivitenganisha. Siku ile sikuomba naye. Nilimfungia nguo kwenye kanga tukaondoka, maombi tulifanyia garini.

Kobe:
Naongeza dogo. Mnasema riwaya ya kihistoria, historia iko wapi? Dhahabu ilionekana Coloma, huko huko California, Januari 1848. Wenyeji wa asili wa California walikadiriwa kuwa 150,000 wakati huo. Kufikia 1870 walikuwa wamebaki kama 30,000. Mwaka 1850 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoruhusu watoto wao kutumikishwa. Kuna pale Michael anampandisha Angel kilimani gizani ili aone jua linavyochomoza. Pazuri sana. Ardhi ile ilikuwa ya nani?

Bibi wa Shamba:
Hilo nalo lina uzito, baba. Lakini limetuhamisha, lifungulie mjadala wake nitakuja.

Mwanakwaya:
Mimi ni msomaji wa kimya, leo nimeshindwa. Mambo ya ridhaa mmeyasema. Kilichonichoma mimi ni mwisho kabisa. Angel aliharibiwa kizazi akiwa binti, anajua hatazaa, na amelibeba hilo kitabu kizima. Kisha kwenye kurasa za kufungia, miaka imepita, watoto wanakuja. Na ndiyo maana jina likawa Sarah, kama Sara wa Biblia aliyekuwa tasa kisha akazaa, nimeelewa.

Nina miaka kumi na moja kwenye ndoa. Kitabu hiki nimezawadiwa mara tatu na watu watatu tofauti, wote wamepiga mstari pale pale kwenye watoto. Mume wangu hajawahi kunisumbua. Ni kanisa linaloniangalia tumbo. Kama Angel alishapona San Francisco, akarudi, akataja jina lake, basi alikuwa ameshapona. Hao watoto waliwekwa kumridhisha nani?

Mleta mada:
Dada, pole, na asante. Nilikuja nimeshikilia harusi tu, kumbe tatizo langu kubwa liko ukurasa wa mwisho. Ningependa toleo ambalo anarudi, anasema jina lake, kisha wanakaa wawili tu na shamba lao.

Bibi wa Shamba:
Hilo ningelinunua mimi na huyo mwanakwaya. Mchapishaji angefunga duka.