Rejeta ya hita inavuja kwenye van ya umeme: niibadilishe au niiruke?

Mwokaji_Mikocheni

Wakuu, habari za asubuhi. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Mimi na mke wangu tunaoka mikate Mikocheni. Madukani tunapeleka kwa van ndogo ya umeme, mtumba wa Japani, betri ya 24 kWh. Saa kumi alfajiri napakia, naanzia Mwenge, nashuka Mbezi Beach, Tegeta, namalizia Bunju. Mafuta nimeyasahau, siku hizi naijua LUKU tu, umeme wa kulipia kabla. Gari hili ndilo linalolipa ada za watoto, likisimama siku mbili nyumba nzima inajua.

Sasa shida. Wiki ya tatu hii kapeti la upande wa abiria limelowa. Mwanzo nilisema ni mvua ya masika imepenya mlangoni. Nikalianika juani, likalowa tena. Ndani kuna harufu tamu kama sharubati iliyochacha, na kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafutamafuta. Ukifuta kwa kitambaa unabaki mchirizi. Juzi mvua ilinikuta barabara ya Bagamoyo karibu na Lugalo, sikuona hata taa za gari la mbele. Nikaegesha pembeni, trei za mikate nyuma, nafuta kioo kwa fulana yangu huku maduka yanapiga simu.

Gereji ya kwanza wamesema rejeta ya hita, ile ndogo ya ndani inayopasha hewa ya kabini, imetoboka, dashibodi yote ishushwe, spea iagizwe, jumla milioni moja na laki nane, wiki mbili. Fundi wa pili kasema Dar hita ya nini, nipe laki moja nichomoe ile nyaya ya rangi ya chungwa, hita nitupe, maisha yaendelee. Nimebaki njia panda. Naombeni mawazo.

Spana_Tabata

Pole sana mkuu. Kabla ya hayo yote, una uhakika ni kulanti, yaani yale maji ya rangi ya rejeta? Dar hii AC haipumziki, na magari mengi yanayokuja kwangu na kapeti lililolowa huwa ni mpira wa kumwagia maji ya AC umeziba kwa vumbi. Maji yanakosa pa kutokea, yanarudi miguuni. Kazi ya dakika ishirini na waya mwembamba, mtu anashushiwa dashibodi bure.

Chukua tishu nyeupe, ikandamize kwenye kapeti. Maji ya AC hayana rangi na yakikauka yameisha. Kulanti ina rangi, inateleza vidoleni na haikauki upesi. Usionje! Huo utamu unaousikia ni wa sumu, inaharibu figo, na mtoto au paka akilamba ni balaa. Halafu fungua boneti ubandike kipande cha plasta kwenye kitanki cha akiba usawa wa kulanti ilipo, uangalie kesho.

Mwokaji_Mikocheni

Nimefanya. Tishu imetoka na ubuluu. Kitanki kimeshuka upana wa vidole viwili kwa siku moja.

Na kuna jambo sikulisema. Mwezi wa pili kitanki kilikuwa chini, kijana wa kuosha magari akajaza maji ya kisima. Nilikuwepo, sikumkataza.

MzeeWaInveta

Hapo umetaja ugonjwa wenyewe, mwanangu. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, wanaokaa karibu na bahari wanaijua kwenye chai. Rejeta ndogo ile ni ya aluminiamu, kuta zake nyembamba kama kopo la soda. Kulanti nzuri imewekwa dawa ya kuzuia kutu. Ukiichanganya na maji ya chumvi dawa inakufa na aluminiamu inaanza kuliwa kutoka ndani. Haitoboki siku hiyo hiyo. Inakuja kutoboka umeshasahau.

Sasa tuelewane gari lako linapashaje joto, maana hapa ndipo mafundi wa magari ya mafuta wanapopotea. Injini ya mafuta ina joto la bure, inalipitisha kwenye rejeta ya hita. Lako halina injini. Lina birika la umeme mbele, linakula volti zile zile za betri kubwa, zinakaribia 400. Pampu ndogo inasukuma kulanti kwenye birika, inaingia ndani kwenye rejeta yako, feni inapuliza, kulanti inarudi. Mengine hayana rejeta kabisa, hewa inapashwa moja kwa moja na vipande vya seramiki vya umeme. Lako lina rejeta, ndiyo maana limevuja kulanti, hilo halina ubishi.

Yule wa laki moja msimkaribishe. Nyaya za chungwa zina volti za kuua. Na hata angenusurika, gari lisingewaka. Viunganishi vile vina waya mdogo wa ulinzi unaopita ndani yake. Ukichomoa kimoja, kompyuta inaona mzunguko umekatika na inagoma kuunganisha betri. Utabaki na gari zima lisilosogea.

Mwokaji_Mikocheni

Shikamoo mzee. Nashukuru sana. Kwa hiyo milioni moja na laki nane haikwepeki?

MzeeWaInveta

Marahaba. Inakwepeka kwa sasa, ukitaka. Tafuta mipira miwili inayoingia kabini kupitia ukuta wa bati nyuma ya boneti. Itoe kwenye rejeta, iunganishe yenyewe kwa yenyewe kwa kiungio cha shaba au plastiki ngumu cha kipenyo kile kile, klempu mbili zenye skrubu. Kulanti itatoka kwenye birika irudi kwenye kitanki bila kuingia ndani. Birika halikauki, pampu inaendelea, waya za chungwa hujazigusa. Ndiyo maana nasema ruka rejeta, usiondoe hita.

Ila kwanza hakikisha mzunguko huo ni wa hita peke yake. Magari mengi kama lako yana mizunguko miwili, mmoja wa hita na mmoja wa kupoza inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota), mota na chaja, kila mmoja na kitanki chake. Yapo yanayounganisha kwa valvu, na yapo yanayotumia birika hilo hilo kwa betri. Fuata mipira kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka ujue unakoishia. Usikate kitu usichokijua kinakwenda wapi.

Fundi_Gerezani

Naheshimu maneno ya mzee lakini mimi sikubaliani kabisa. Kuruka ni kiraka. Kesho unataka kuuza gari, mnunuzi anawasha hita, hewa ya baridi, anakukata milioni. Na kioo chenye ukungu je? Hita inasaidia kukausha kioo. Mtafutie mtu spea kwa namba ya chasisi, ipo ya mtumba, wekeni mpya, maliza kazi.

Nimeshusha dashibodi za van. Ni kazi ya siku mbili ukiwa na mtu wa kukushikia, na unapiga picha kila plagi kabla ya kuichomoa. Kuna mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali humo, kwa hiyo betri ndogo ya volti 12 inatolewa kwanza na unasubiri.

MzeeWaInveta

Kaka, uko sahihi kwamba ni kiraka, na sijamkataza kubadilisha. Lakini kwenye gari nyingi sanduku la hewa lenye rejeta hiyo halitoki mpaka utoe gesi ya AC, na hapo ndipo ninapoogopa. Kompresa ya gari la umeme ina mota ya volti kubwa ndani yake, imezama kwenye oili. Oili yake ni ya aina isiyopitisha umeme. Hawa vijana wanaojaza gesi barabarani wanatumia oili ya kawaida ya kompresa za mkanda, na kidogo tu kikiingia, insulesheni, yaani kinga ya umeme usivuje, inashuka na gari linawasha taa ya hitilafu ya umeme. Umeanza na rejeta, umemaliza na kompresa.

Kwa hiyo akibadilisha, mwenye kugusa gesi awe na mashine isiyochanganya oili. Na akigusa chochote cha chungwa: gari lizimwe, ufunguo ukae mbali, betri ya 12 itolewe, plagi ya usalama inayokata betri kubwa ivutwe na fundi aiweke mfukoni mwake, asubiri dakika kumi, avae glovu za volti 1000, kisha apime kwa mita mpaka aone sifuri. Fundi atakayekwambia hiyo ni mbwembwe, chukua gari lako uondoke.

Bi_Keki_Sinza

Kaka Mwokaji, mimi sijui rejeta ila mikate naijua. Unapakia ya moto, sivyo? Mvuke wote ule unaishia kwenye kioo chako. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, nikilaumu gari. Sasa tunaacha mkate upoe kwenye rafu ndipo tunafunga na kupakia. Na mkate uliofungwa wa moto huota ukungu haraka, wateja wa Tegeta watakurudishia tu. Weka pia pazia zito la plastiki kati ya dereva na mzigo.

Spana_Tabata

Dada kasema kweli. Na hita siyo inayokausha kioo peke yake. AC ndiyo inayotoa unyevu kwenye hewa. Washa AC, elekeza kiooni, zima ile swichi ya kuzungusha hewa ya ndani. Kwa joto la Dar inatosha. Ila kwanza osha kioo kwa ndani na maji ya sabuni mara mbili tatu, ile kulanti iliyoganda kama filamu ndiyo inayoshika ukungu.

Mwokaji_Mikocheni

Wakuu, narudi na mrejesho.

Jumapili tumeruka rejeta, mimi na kijana mmoja aliyesomea umeme wa magari VETA Chang'ombe. Mipira tumeifuata kama mzee alivyosema, vitanki ni viwili kweli, na mzunguko wa hita haukutani na wa inveta popote. Maji yote ya zamani tumemwaga kwenye ndoo yenye mfuniko; ubuluu wake ulikuwa umechafuka kwa kahawia, na chini ya ndoo kulikuwa na unga mweupe kama majivu. Tumesafisha kwa maji yaliyotengenezwa kwa ajili ya betri, tukajaza kulanti mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, tukatoa upepo mpaka mapovu yakaisha. Kiungio na klempu nne, tuliweka mbili kila upande, elfu kumi na nane Kariakoo. Kijana nimempa elfu themanini na mikate.

Kapeti tulilitoa lote. Chini yake kuna plagi ndogo ya waya nyembamba, pini tatu zimeota kijani. Tungechelewa mwezi mmoja sijui ingekuwaje. Tumezisafisha kwa mswaki na spiriti, tukakausha, tukapandisha juu ya bati kwa kamba za plastiki.

Leo siku ya tisa. Plasta ipo kwenye kitanki na kulanti ipo palepale. Jana mvua ilinikuta Tegeta saa kumi na mbili kasoro, AC imewashwa, mikate imepoa kwenye rafu tangu saa nane. Nimeona mpaka mashimo ya barabara.

Fundi wa Gerezani, nawe sijakupuuza kaka. Namba ya chasisi nimeituma, nikiipata rejeta kwa bei ya maana nitaishusha dashibodi shule zikifungwa, oda zikipungua. Mzee, kama unamjua mtu wa gesi mwenye mashine hiyo isiyochanganya oili, nielekeze mapema.

MzeeWaInveta

Nitakutumia ujumbe binafsi. Hiyo ndoo usimwage mtaroni, mwanangu, kuku wa majirani wanakunywa humo. Mpelekee fundi anayekusanya oili na kulanti chafu.