Nyaraka za programu: Confluence, DokuWiki, au Markdown ndani ya Git?

Kibo_Mashariki (Moshi): Wanajukwaa, salaam. Kabla mwezi haujaisha ofisi yetu inatakiwa kuamua mahali pa kuweka nyaraka za programu tunazotengeneza, ambazo kwa sasa zimetawanyika kwenye barua pepe, WhatsApp na vichwa vya watu wawili. Tunapima hizo tatu: Confluence (wiki ya mtandaoni, yaani kurasa ambazo timu nzima huzihariri), DokuWiki (wiki unayoiweka kwenye seva yako), na Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio) ndani ya Git (mfumo wa kutunza msimbo na mabadiliko yake). Naomba ushauri.

Njiro_Msimbo (Arusha): Ndugu, hujasema mko wangapi, nyaraka zitasomwa na nani, wala kama mna seva. Bila hayo kila mtu atakutajia akipendacho, na mimi naanza: Confluence. Ni bure hadi watumiaji 10, lakini akiongezeka wa 11 mtalipia wote.

Sakina77 (Arusha): Mimi ni Markdown ndani ya Git, na sababu ninayo. Niliwahi kukabidhiwa mfumo wa kupokea wageni wa kampuni moja ya utalii, pamoja na wiki iliyopangwa vizuri mno. Usiku mmoja wa Julai, wageni wakiwa wamefurika, seva ilianguka, nami nikafuata hatua za kurejesha nakala rudufu neno kwa neno. Kumbe hifadhidata ilikuwa imehamishwa na hakuna aliyegusa ukurasa ule, hivyo nikarejesha nakala kuukuu juu ya data mpya. Oda za siku mbili zilifutika, na hadi alfajiri tulikuwa tukiwapigia madereva mmoja mmoja kuwauliza kesho wanampokea nani uwanja wa ndege wa KIA. Maelezo yakikaa pamoja na msimbo, anayekagua mabadiliko huyaona yote mawili kwa wakati mmoja.

Rau_Dev (Moshi): Pole, dada, lakini huo ulikuwa uzembe wa watu, si kosa la wiki. Nimeona faili za maelezo (README) ndani ya Git zilizooza vilevile. DokuWiki huhifadhi kurasa kama faili za maandishi bila hifadhidata, kwa hiyo hata ikifa unazisoma.

Njiro_Msimbo: Swali la lugha je? Sisi huandika Kiingereza, ilhali anayepokea simu ya mteja saa nane usiku angeelewa Kiswahili haraka zaidi.

Sakina77: Kiswahili kwa hatua za dharura, nakubali. Maelezo ya API (namna programu nyingine zinavyowasiliana na yetu) yabaki Kiingereza, kwani mengi huzalishwa kutoka kwenye msimbo wenyewe.

Rau_Dev: Mkichanganya lugha, atakayetafuta neno moja atapata nusu ya majibu.

Kibo_Mashariki: Samahani kwa kuchelewa. Tuko 14, sita kati yetu ni wa huduma kwa wateja na hawajawahi kugusa Git. Seva hatuna.

Njiro_Msimbo: Hayo ungeyasema mwanzo, kaka. Basi Confluence ni ya kulipia kwenu.

Rau_Dev: Kodini seva ndogo, muweke DokuWiki.

Sakina77: Na nani ataihudumia hiyo seva?

Kibo_Mashariki: Hao hao wawili wenye nyaraka vichwani. Mmoja anaondoka mwezi ujao.