Wakuu, "liquid" ya benki maana yake nini?

mchuuzi_wa_mwaloni:
Wakuu habari za jioni, mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, najaza fomu ya mkopo imeandikwa kingereza eti nitaje "liquid assets" zangu. Liquid ninayoijua ni ya shule, maji, mafuta ya taa basi. Mi nina mtumbwi, injini, kiwanja Buswelu, na mzigo wa dagaa upo stoo. Dogo langu linasema niandike mtumbwi kwa sababu unakaa majini 😂

Kaunta_namba2:
😂😂 Mpe soda huyo dogo ila hapana. Kwenye hela liquid ni mali inayogeuka keshi haraka bila kuitupa bei, na hapo kwenye bei ndo wengi wanapasahau. Keshi yenyewe, salio la benki, la simu, hizo moja kwa moja. Kiwanja mpaka upate mteja, mvutane, mwende kuandikishana, miezi imekata, hiyo siyo liquid hata kiwe cha bei gani. Dagaa wakavu wako katikatikati, wanunuzi wapo mpaka wa Kongo ila siku soko limejaa ukilazimisha kuuza utalia

binti_nyegezi:
Kiswahili chake ni ukwasi, UTT AMIS, wale wa mifuko ya uwekezaji, wana Mfuko wa Ukwasi ambao kingereza ndo Liquid Fund. Balaa mtaani mkwasi ni tajiri, kwahiyo mtu anaweza kuwa mkwasi ana ghorofa Capri Point na ukwasi hana, luku tu anakopa

mzee_wa_hisa:
Hiyo ya bei aliyosema Kaunta msiichukulie poa. Silicon Valley Bank ya Marekani, Machi 2023, hela za wateja nyingi zilikuwa kwenye hati fungani (karatasi za kukopesha kwa riba) za muda mrefu, zinauzika vizuri tu, ila riba za mpya zilikuwa zimepanda, hizo za zamani zenye riba ndogo bei yake ikashuka, wateja wakaanza kuchukua chao, benki ikauza kwa hasara, watu wakashtuka wakakimbilia wote kwa mpigo ikafa

mchuuzi_wa_mwaloni:
Duh. Na injini je? Ya mtumba hapa naiuza leo leo

Kaunta_namba2:
Inauzika ndiyo mkuu, ila hicho ni kitendea kazi, usiiweke humo. Afisa mikopo atakuuliza ukishaiuza rejesho utalilipa kwa kuvua na kasia?